Wenye Lupango Mbele ya Sheria: Historia ya Umiliki wa Nyumba na Umoja wa Wakazi Mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Mjini Lubumbashi mtu mwenye nyumba yake huitwa "mwenye lupango". Lupango, au lupangu kama wengi wanavyotamka, si nyumba peke yake. Ni kipande cha ardhi kilichopimwa na kuzungushiwa ua, pamoja na nyumba kubwa, vyumba vya wapangaji, kisima, choo na miembe iliyomo. Wasemaji wa Kibemba wanalitambua neno hili kwa maana ya uzio. Kiswahili cha Katanga kimelichukua na kulitwisha mzigo mpya ambao kijiji hakikuuhitaji: ardhi yenye namba, yenye karatasi, na yenye mtu mmoja anayejibu kwa serikali kuhusu yote yaliyomo ndani ya ua huo.

Msamiati unaozunguka lupango ni mpana. Kuna mwenye lupango na mpangaji. Kuna komine na kartie. Kuna shefu wa kartie na shefu wa avenyu. Kuna karatasi za komine na karatasi za kadasta. Lakini kwa wenye lupango wakiwa kundi moja, yaani majirani wanaomiliki nyumba zao na kuamua mambo yao kwa pamoja, neno lililokomaa halipo. Husemwa "komite", neno la kuazima, au hutajwa tu jina la avenyu. Upungufu huo wa neno unakwenda sambamba na upungufu mwingine ulio mzito zaidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja sheria iliyotumika Lubumbashi imemtambua mwenye nyumba akiwa peke yake mbele ya dola. Haikumjengea njia nyepesi ya kutambulika akiwa pamoja na jirani zake.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya hali hiyo, tangu kuanzishwa kwa mji hadi siku hizi, na kuonyesha matatizo ya kisheria yanayozikabili komite za wakazi na viongozi wake. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: fedha zikichangwa na wakazi wa avenyu moja, kisha zikapotea, au kilichonunuliwa kwa fedha hizo kikachukuliwa, nani ana haki ya kusimama mahakamani, na kwa jina la nani?

2. Ardhi ya shirika na nyumba ya kazi, 1910–1945

Élisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini iliufikia. Ardhi ya Katanga ilikuwa tayari chini ya Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900, ambacho kiliuza viwanja vya mji na kugawa haki za uchimbaji. Juu ya hapo palikuwa na kanuni mbili zilizotoka enzi ya Mfalme Leopold II. Ya kwanza, iliyowekwa mwaka 1885, ilisema kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola. Ya pili ni mfumo wa kuandikisha ardhi uliobuniwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, ukaigwa Kongo. Kwa mfumo huo haki ya mtu juu ya ardhi huzaliwa katika daftari la serikali. Ushahidi wa wazee na urefu wa miaka ya kuishi mahali havitoshi, asiyeandikwa hana.

Daftari hilo lilikuwa la Wazungu. Mwafrika aliyefika mjini aliweza kulala katika mahali patatu, na katika mahali hapo pote hakuwa mwenye nyumba. Mahali pa kwanza ni vyumba vya maboi nyuma ya ua wa tajiri wake, ambako alikaa kwa muda wote ambao tajiri huyo alimtaka. Pa pili ni kambi ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao katika nyumba za kudumu. Nyumba ilikuwa sehemu ya ujira. Kazi ikiisha, nyumba nayo ikaisha. Mkazi hakuruhusiwa kuiuza, kuipangisha wala kuongeza chumba kwa hiari yake, na kila kilichoharibika kilitengenezwa na kampuni.

Mahali pa tatu ni mitaa ya Waafrika, iliyotengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu wa ardhi. Ndipo ilipokua Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati huo, kuanzia miaka ya 1920, na baadaye Kenya. Kwa dekrii ya tarehe 23 Novemba 1931 mitaa ya aina hii iliwekwa chini ya utaratibu wa vituo vilivyo nje ya utawala wa jadi, yaani centres extra-coutumiers. Kituo kilikuwa na mkuu Mwafrika, baraza, bajeti na mahakama, vyote chini ya usimamizi wa maofisa wa koloni. Mkazi alipewa kiwanja na kijitabu kilichojulikana kwa Kifaransa kama livret de logeur. Kijitabu hicho kilimruhusu kukaa na kujenga. Hakikumfanya mmiliki.

Katika mazingira haya umoja wa wakazi ulitazamwa kwa jicho la shaka. Wafanyakazi Waafrika hawakuruhusiwa kuunda vyama vya wafanyakazi hadi mwaka 1946. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi na kuua watu wengi. Mgomo ule haukuhusu nyumba. Lakini waliogoma walikuwa pia majirani, waliokaa safu moja na kuteka maji bomba moja, na aliyefukuzwa kazi alifukuzwa pia katika nyumba. Tangu hapo kumbukumbu ya kambi ilibeba somo moja: shida ya nyumba hupelekwa kwa shefu wa kambi, na kila mtu hupeleka ya kwake.

3. Kutoka kijitabu hadi hati, 1945–1966

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulipanuka haraka, na serikali ya koloni ikalazimika kufikiri upya. Ferdinand Grévisse, ofisa aliyeandika kitabu kuhusu kituo cha Élisabethville kilichotoka mwaka 1951, alihusishwa na mpango wa kuwakopesha Waafrika vifaa vya ujenzi ili wajijengee wenyewe. Kwa namna hiyo ilikua Katuba katika miaka ya 1950. Mwaka 1952 iliundwa Office des Cités Africaines, ambayo ilijenga nyumba za kuuzwa kwa mkopo katika miji mikubwa ya koloni; huku Élisabethville ilifanya kazi Ruashi. Mwaka 1955, baada ya ziara ya Mfalme Baudouin, ukaanzishwa Fonds du Roi kwa ajili ya familia zisizoweza kumudu mikopo ya kawaida.

Katikati ya hayo ilikuja dekrii ya tarehe 10 Februari 1953, iliyowafungulia Wakongo mlango wa umiliki wa mtu binafsi katika daftari la ardhi. Kisheria hayo yalikuwa mageuzi makubwa, ingawa kiutendaji wengi waliendelea na kijitabu chao. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa mtu mmojammoja. Aliyekopa vifaa aliandikwa peke yake, akadaiwa peke yake, na akapewa karatasi peke yake. Msalani, bombani na kwenye mfereji wa maji ya mvua alikutana na majirani. Ofisini hakukutana nao.

Dekrii ya tarehe 26 Machi 1957 kuhusu miji iligeuza vituo kuwa komine, na mwezi Desemba mwaka huo wakazi wa Élisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani. Sauti ya pamoja ilipatikana, lakini ilikuwa sauti ya komine nzima, mbali na avenyu. Miaka mitatu baadaye Katanga ilijitenga, na hadi Januari 1963 shughuli za ardhi ziliendeshwa chini ya dola isiyotambuliwa na nchi nyingine.

Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba watu wa mji huu hawakujua kuungana. Maandishi mashuhuri ya Kiswahili cha Lubumbashi, "Vocabulaire ya ville ya Élisabethville", yaliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa pamoja na uchambuzi wa Johannes Fabian mwaka 1990, yalitolewa kwa niaba ya umoja wa watu waliokuwa maboi wa Wazungu. Watu ambao sheria iliwaweka nyuma ya ua waliunda chama, wakakusanya habari zao, wakaandika historia ya mji kwa lugha yao. Umoja ulikuwepo, kilichokosekana ni mahali pake katika daftari.

4. Sheria ya 1973: ardhi ni ya dola, nyumba ni ya nani?

Baada ya uhuru, dola mpya ilirudisha mikononi mwake haki za ardhi na madini zilizokuwa zimegawiwa makampuni. Hiyo ndiyo maana ya sheria inayoitwa Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966. Kisha ikaja sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980, ambayo imebaki msingi wa haki za ardhi na nyumba nchini Kongo. Kanuni yake kuu ni kwamba ardhi yote ni mali ya dola, mali isiyoweza kuuzwa wala kupotezwa kwa kupita miaka. Anachopata mtu ni haki ya kuitumia. Raia wa Kongo aweza kupata haki ya daima. Wengine, pamoja na makampuni na vyama, hupewa haki ya muda, ambayo huweza kufanywa upya.

Haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha uandikisho kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Sheria inasema wazi kwamba haki ya kutumia ardhi haisimamishwi kisheria ila kwa cheti hicho. Kwa aliyekuwa na karatasi halali za mitaa ya zamani, ilifunguliwa njia ya kuomba haki ya daima. Njia hiyo ilikuwa na hatua nyingi: kupima, kulipa, kungojea, kulipa tena. Ndiyo maana wazee wengi wa Kamalondo na Kenya waliishi na kufa wakiwa na kijitabu au karatasi ya komine tu, wakiamini kuwa wameshamaliza yote. Watoto wao ndio waliogundua, siku ya kesi, kwamba karatasi ya baba ilikuwa mwanzo wa njia tu.

Sheria hiyohiyo ina masharti kuhusu umiliki wa pamoja. Roho yake ni ya sheria ya kiraia ya Ubelgiji: kila mmoja ana fungu lake, kila mmoja huchangia gharama za kukitunza kilicho cha wote, mmoja aweza kufanya la kukihifadhi kitu kisiharibike, lakini jambo kubwa, kama kukiuza au kukibadili, huhitaji ridhaa ya wengine. Masharti haya yanafaa kwa ndugu wawili wenye nyumba moja. Kwa jengo la ghorofa lenye wamiliki ishirini, au kwa kambi yenye nyumba mia nne zilizounganishwa kuta, yanakwama. Ridhaa ya wote haipatikani, na palipokosekana ridhaa hakuna chombo cha kuamua kwa wingi wa kura na kuubana upande wa wachache.

Nchi nyingine zilikutana na tatizo hilohilo na kulitafutia dawa. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 10 Julai 1965, iliupa umoja wa wamiliki wa jengo nafsi ya kisheria, yaani uwezo wa kushtaki, kushtakiwa na kuwa na mali kwa jina lake. Ubelgiji, ambako sheria ya Kongo ilichota sana, ilifanya hivyo kwa sheria ya tarehe 30 Juni 1994, zaidi ya miaka thelathini baada ya Kongo kupata uhuru. Kwa hiyo marekebisho hayo hayakuingia katika urithi wa kikoloni. Afrika Mashariki, Tanzania ilitunga sheria ya hati za sehemu za majengo mwaka 2008, na Kenya ilifanya upya sheria yake mwaka 2020. Katika nchi hizo mbili, sheria yenyewe ndiyo inayouunda umoja wa wamiliki pindi jengo linapogawanywa. Hawahitaji kwanza kwenda kuomba kutambuliwa kama chama.

5. Lupango ya urithi

Umoja wa kwanza wa wamiliki mjini Lubumbashi, na ulio mwingi kuliko wote, ni ule wa watoto wa marehemu. Mwenye lupango akifariki bila kuacha wosia, Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, huwapa watoto wake robo tatu ya urithi. Mjane au mgane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa. Msimamizi wa mirathi, kwa kawaida mkubwa miongoni mwa warithi, hukusanya mali, hulipa madeni, kisha hugawa.

Kwa maandishi utaratibu huo uko wazi. Katika maisha, lupango ya urithi hukaa miaka mingi bila kugawanywa. Kila mtoto aliyeoa huongeza chumba kando ya ukuta. Vyumba vya mbele hupangishwa. Kodi hupokelewa na mmoja. Huyo mmoja ndiye kamati nzima: mweka hazina, mwenyekiti na katibu. Asipotoa hesabu, wadogo zake husita kumshtaki, kwa kuwa kumpeleka kaka mahakamani ni aibu kuliko hasara. Siku anapouza kwa siri, mnunuzi huja na karatasi iliyotiwa sahihi na mtu mmoja, naye mjane huambiwa ahame. Kesi za namna hii hurudi kwenye kanuni ileile: hakuna anayeweza kuuza peke yake kilicho cha wengi. Lakini ili kanuni hiyo ifanye kazi ni lazima mjane na watoto wajue kuwa ipo, na wawahi kabla cheti kipya hakijatoka. Cheti kikishapita miaka miwili hakishambuliki tena kwa urahisi.

6. Baba alipoondoka

Kambi zilibaki nje ya mambo haya kwa muda mrefu. Union Minière ilipotaifishwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, nyumba ziliendelea kuwa za kampuni, nayo kampuni iliendelea kuwa kama baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameitaja hali hiyo katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001, kinachowaita wafanyakazi hao watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Kuachwa huko kulikuja kwa mapigo mfululizo. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi waliacha nyumba au kuziuza kwa bei ya kutupa. Tukio hilo lilionyesha kwa uchungu kwamba hata cheti chenye mihuri yote hakimlindi mtu ambaye majirani zake wamegawanyika.

Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Gécamines iliwaaga wafanyakazi wapatao 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi za kampuni zilipita mikononi mwa watu binafsi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Nyumba zile zilijengwa kwa kudhani kuwa mwenye nazo ni mmoja. Kuta, paa, mifereji, mabomba na nyaya vilipangwa kwa safu nzima. Siku nyumba zilipogawanywa kwa watu mmojammoja, ukuta wa katikati ukawa wa wawili, mfereji ukawa wa wote, na njia ya nyuma ikawa ya yeyote atakayewahi kujenga juu yake. Kampuni ilipojiondoa, wajibu wake wa kutengeneza haukupewa chombo chochote. Kila mmoja alipokea mlango wake, bali paa la safu halikupata mwenyewe.

7. Komite na matatizo yake ya kisheria

Pengo hilo, katika kambi na katika mitaa mingine, limejazwa na komite. Mfano unaojulikana na kila mkazi ni ule wa umeme. Kabini ya SNEL ikiungua, wakazi wa avenyu kadhaa huketi, huchagua watu watatu au wanne, huchanga fedha kwa kila lupango, hununua kebo au transfoma, na kuwalipa mafundi. Ndivyo inavyokuwa pia kwa bomba la Regideso, kwa kisima cha pamoja, kwa walinzi wa usiku na kwa daraja dogo lililobebwa na mvua. Kazi hufanyika, mara nyingi kwa uaminifu mkubwa. Kisheria, hata hivyo, komite hizi husimama juu ya mchanga. Matatizo manne yanajitokeza.

Tatizo la kwanza ni la nafsi. Kartie yenyewe ni sehemu ya utawala tu. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo ya utawala yenye madaraka, mji na komine vina nafsi ya kisheria, kartie haina. Komite ya avenyu nayo haina, isipokuwa ikijiandikisha kuwa chama kisichotafuta faida. Vyama hivyo viliongozwa na dekrii-sheria ya mwaka 1965, na baadaye na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria hii ya 2001 inaweka utoaji wa nafsi ya kisheria mikononi mwa waziri wa sheria, aliyeko Kinshasa. Kwa watu thelathini wanaotaka kutengeneza mfereji, safari ya faili hilo ni ndefu kuliko mfereji wenyewe. Wengi hawaianzi.

Tatizo la pili ni la kulazimisha. Asiyelipa mchango hawezi kushtakiwa na komite isiyokuwepo kisheria. Komite hutumia njia zake: jina hubandikwa ukutani, au waya hukatwa. Njia ya pili ni ya hatari. Aliyekatiwa aweza kushtaki, na mwenye kushtakiwa ni yule aliyeshika koleo.

Hapo huingia tatizo la tatu, nalo ni dhamana ya viongozi. Dekrii ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, ambayo ni kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, inasema katika kifungu cha 258 kwamba kila aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake ana wajibu wa kufidia. Kwa kuwa komite haina nafsi ya kubeba deni, deni humwangukia mtu. Mzee aliyetia sahihi makubaliano na fundi hudaiwa yeye, nyumbani kwake, kwa mali yake. Upande wa pili, dekrii hiyohiyo ina kanuni za uwakilishi: aliyetumwa na wenzake hutakiwa kutoa hesabu ya alichopokea. Kanuni hii haihitaji chama kilichoandikishwa. Inatosha kuthibitisha kwamba mtu alitumwa na alipokea. Ndiyo silaha halisi waliyo nayo wakazi, na ndiyo isiyojulikana sana. Nguvu yake inategemea ushahidi: daftari la mkutano, orodha ya waliochanga, na risiti.

Tatizo la nne ni la mali iliyonunuliwa. Transfoma ikishafungwa katika kabini huwa sehemu ya mtandao, na wakazi hawana tena la kusema juu yake. Ikihamishiwa mtaa mwingine, au mtaa mwingine ukiunganishwa juu yake hadi ikaungua, hakuna mkataba unaotaja haki yao. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 na ile ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 zilifungua sekta hizo kwa wawekezaji wengine, lakini komite ya avenyu bila nafsi haiwezi kuwa mshirika wa mkataba wowote.

Isidhaniwe kwamba kupata nafsi ya kisheria humaliza kila kitu. Marekani ina vyama vingi vya wamiliki wa nyumba, vyenye katiba, bodi zilizochaguliwa na uwezo wa kudai michango mahakamani. Hata hivyo tarehe 24 Juni 2021 jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, liliporomoka na kuua watu 98. Wamiliki walikuwa wamebishana kwa muda mrefu kuhusu gharama kubwa za matengenezo yaliyopendekezwa na mhandisi tangu mwaka 2018. Bodi ilikuwepo, sheria ilikuwepo, na uamuzi ukachelewa. Tofauti ni kwamba baada ya maafa palikuwa na wa kuulizwa, palikuwa na bima, na palikuwa na kumbukumbu za mikutano. Mahali pasipo na chombo, hata swali halina pa kupelekwa.

8. Suala la lugha

Historia hii ina upande unaowahusu moja kwa moja wataalamu wa Kiswahili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Matokeo yake mjini Lubumbashi ni kwamba mambo ya lupango husemwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kifaransa. Mkutano wa avenyu hufanyika kwa Kiswahili. Mswada wa katiba ya chama huandikwa kwa Kifaransa na kijana aliyesoma. Baraza la ukoo huamua kwa Kiswahili. Karatasi ya kuuza hutiwa sahihi kwa Kifaransa. Katika kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine ndipo haki nyingi hudondoka. Mtu aliyekubali "kupangisha" hujikuta "ameuza". Aliyekubali "kusimamia" mirathi hujiona "ameirithi".

Kazi ya istilahi inahitajika hapa. Maneno kama nafsi ya kisheria, umiliki wa pamoja, haki ya daima, msimamizi wa mirathi na mhifadhi wa hati yanaweza kueleweka na mkazi wa Katuba bila shida, mradi yaelezwe kwa mifano ya lupango. Pia kuna maneno ya wenyeji yanayostahili kuingizwa katika kamusi kwa maana yake kamili ya kisheria, lupango likiwa la kwanza.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba mwenye nyumba wa Lubumbashi alipitia hatua tatu: mkazi wa nyumba ya kazi, mwenye kijitabu, na mwenye cheti. Katika kila hatua alikabiliwa na mamlaka iliyo juu yake, iwe shirika, koloni au dola, na katika kila hatua uhusiano wake na jirani aliye kando yake uliachwa bila sheria. Komite zilizochipuka tangu kampuni kubwa zilipojiondoa zimebeba kazi za umma bila kupewa nafsi, na viongozi wake wamebeba dhamana bila kupewa kinga.

Marekebisho ya sheria ni jukumu la bunge, nayo mifano ya Ubelgiji, Tanzania na Kenya inaonyesha kuwa yanawezekana. Kabla ya hapo yapo yaliyo ndani ya uwezo wa wakazi wenyewe: kuandika kwa Kiswahili kila mkutano ulioamua mchango, kutaja waliotumwa na mpaka wa walichotumwa, kutoa risiti, na kutaka barua kutoka kwa yeyote anayepokea kitu kilichonunuliwa na wote. Mahakama haiwezi kuiuliza kabini iliyoungua ilinunuliwa na nani. Daftari la kurasa arobaini, lenye majina na sahihi, linaweza kujibu.